Kahawa ya Ma Kokuhirwa

Georgina alipofika Izigo mara ya kwanza, mtoto ndiye aliyemkaribisha. Protase, mvulana wa miaka saba, alitoka jikoni na kikapu kidogo cha akamwani, zile kahawa kavu ambazo mgeni hupewa atafune kabla hajasema kilichomleta. Aliushika mkono wa bibi yake, ambaye alikuwa kipofu, akauweka juu ya kikapu, na bibi mwenyewe akampa mgeni.

"Twaa, mwanangu," alisema Ma Kokuhirwa. "Aliyetafuna kahawa yangu ni mtu wa humu. Hawezi kunitendea baya."

Georgina alitafuna, akashukuru kwa Kihaya, "Kasinge waitu," na bibi akafurahi kuona kwamba serikali safari hii imemtuma mtoto wa nyumbani.

Alikuwa mtoto wa nyumbani kweli, lakini wa Miembeni, mjini Bukoba, ambako nyumba ni ya anayelipa kodi. Sasa alikuwa mwanafunzi wa ustawi wa jamii huko Dar es Salaam, mwaka wa pili, na chuo kilikuwa kimemleta Bukoba kwa mafunzo ya vitendo. Alikuwa na moyo mzuri. Ni vizuri kulisema hilo mapema, maana wengi wanaoujua mwisho wa jambo hili hawalisemi kabisa. Alitakiwa kushughulikia shauri moja tangu mwanzo hadi mwisho, na alikuwa na hamu kubwa mno ya kumwokoa mtu.

Shauri lenyewe aliletewa na Mzee Kagaruki, shemeji yake Ma Kokuhirwa, aliyekuja ofisini amevaa koti juu ya kanzu. Mtoto wa marehemu Clavery anateseka, alisema. Baba yake alizama ziwani huko Goziba akivua samaki, mama yake ameolewa mbali, na sasa bibi kipofu anamfanya mpishi. Taifa zima linajenga ujamaa, watoto wote wanatakiwa darasani, huyu anachota maji. Alizungumza kwa upole, hata machozi yakamlenga.

Na hakusema uongo. Georgina alijionea mwenyewe. Mkono wa Protase ulikuwa na kovu bichi la moto, alilolipata akiipua chungu cha ndizi. Shuleni hakuwa ameandikishwa. Asubuhi alimwongoza bibi msalani, mchana alipika, jioni walisali rozari pamoja, mtoto akimrekebisha bibi pale usingizi ulipomchanganya. Mwingine angeona humo watu wawili wanaoshikiliana wasianguke. Georgina aliona mtoto aliyebebeshwa mzigo.

Bwana Mushumbusi, mkuu wake wa kazi, alikuwa mbioni kila siku kati ya Bukoba na Muleba kwa mikutano ya vijiji. Alimsikiliza huku amesimama mlangoni.

"Umezungumza na ukoo?" aliuliza.

"Ndiyo, Mzee. Nimezungumza na Kagaruki, baba mdogo wa Clavery."

"Basi vizuri," alisema, akakubali mtoto apelekwe kwenye makao ya watoto mjini, akapone na kuanza shule.

Kumbe ukoo aliozungumza nao ulikuwa ni Kagaruki huyo mmoja.

Siku ya kumchukua, Ma Kokuhirwa hakubisha. Alimwogesha mjukuu wake, akampaka mafuta, akampapasa uso kwa muda mrefu. Alipenda asome. Aliuliza jambo moja tu.

"Atarudi?"

"Likizo zote, Ma. Na jirani nimemwomba akuangalie."

"Sawa. Wewe ulikula kahawa yangu," alisema bibi, naye Georgina akadhani anaagwa tu.

Kule mjini Protase alinenepa. Alijua kuandika jina lake. Georgina alikwenda kumtazama kila alipopata nafasi, akatoka huko kifua mbele, na msimamizi kutoka chuoni alipopita alimsifu mbele ya wenzake. Ilikuwa ni haki yake kufurahi, na inauma kuikumbuka furaha ile.

Aliporudi Izigo kumpelekea bibi habari njema, mlango ulifunguliwa na mwanamke asiyemjua. Alikuwa mke wa mtoto wa Kagaruki. Nje palikuwa na nguo mpya zimeanikwa, na migomba iliyokuwa imezidiwa na majani makavu ilikuwa imepogolewa vizuri. Bibi yuko wapi? Amerudishwa kwa watu wake, Muleba.

Georgina alikimbilia kwa jirani, Ma Anatolia, mwanamke yule yule aliyeombwa kumwangalia bibi.

"Ulitaka niwafanyeje?" alisema Ma Anatolia. "Kibanja hiki, nyumba na migomba yake, ni cha ukoo. Mume wake kafa, mwanawe kafa, mrithi ni Protase. Mjane alikuwa anakaa humu kwa kuwa anamlea mrithi. Ulipomwondoa mtoto, walikaa kikao wakasema mtoto ni wa serikali sasa, na kibanja hakiwezi kukaa bila mtu wa ukoo wa kuwasha moto humo. Waitu, hata sisi tulidhani unajua. Wewe si Mhaya?"

Georgina alikaa chini pale pale kwenye nyasi. Jambo hilo mama yake mwenyewe angemwambia mezani, kama angeuliza. Hakuuliza kwa sababu alijiona mwenyeji. Mgeni kutoka Dodoma au Mtwara angeuliza.

Alimweleza Bwana Mushumbusi kila kitu bila kujitetea, naye hakumkaripia. Walikwenda pamoja kwenye ukoo. Wazee waliwapokea kwa heshima zote, wakawapa lubisi, pombe ya ndizi, wakasikiliza, na Kagaruki akasema kwa sauti yake ile ya upole kwamba kibanja anakitunza tu, mtoto akiwa mkubwa atakikuta. Kuhusu bibi, nani awezaye kumlea kipofu katika nyumba ambayo ina wakwe wapya? Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mpwa wake. Walirudi Bukoba mikono mitupu.

Kilichobaki kilikuwa kumpeleka mtoto akamwone bibi yake. Walimkuta Muleba kwa kaka yake, mzee masikini mwenye watu wengi ndani, ameketi kwenye mkeka karibu na zizi la mbuzi. Alikuwa amekonda. Wifi yake wa pale alisema chakula anakigusa tu, anadai hana njaa.

Protase alimkimbilia. Ma Kokuhirwa alimpapasa uso, masikio, kisha mkono, akalitafuta kovu hadi akalipata.

"Limepona," alisema.

"Najua kusoma, Bibi."

"Eee. Ndicho nilichotaka."

Georgina alipiga magoti mbele yake. Maneno aliyokuwa ameyapanga tangu Bukoba yalimpotea yote. "Ma, nisamehe. Sikujua," alisema, na akalia kweli kweli, mbele ya mtoto na mbele ya watu wa mji ule.

Bibi alinyoosha mkono, akampata begani, akauacha hapo. Protase naye alikuwa amesimama, anazungusha macho ukutani, mlangoni, uvunguni mwa kitanda kilichoonekana ndani. Georgina alidhani anatafuta maji ya kunywa.

"Unatafuta nini, mjukuu wangu?" aliuliza bibi, aliyezisikia nyayo zake.

"Kikapu. Mgeni hajapewa kahawa."

Ma Kokuhirwa aliuondoa mkono wake begani mwa Georgina, akaurudisha mapajani.

"Kaa chini, baba," alisema. "Hapa si kwetu. Hatuwezi kumkaribisha mtu."