Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Mtoto wa kaka yangu alizaliwa analia na hakutaka kuacha. Kwetu Mwitongo mtoto akilia hivyo tunajua anatafuta jina lake. Basi anatajiwa marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na atakayemnyamazisha ndiye huyo amerudi.

Kazi hiyo ni ya shangazi Gaudensia. Alitaja wote, akafika mpaka kwa wale tusiowataja mbele ya wageni. Mtoto akazidi. Koo likamkauka shangazi, akageukia jikoni akaniita, "Wankyo, lete maji ya moto."

Mtoto akanyamaza.

Mama yake, wifi yangu Dafroza, alinitazama nimesimama na birika. "Lakini huyu si hajafa?"

"Hajafa," shangazi alisema, akinikagua kama anayenunua samaki jioni. "Unaumwa popote?"

"Siumwi, shangazi."

"Basi mtoto kawahi tu."

Tulicheka. Kesho yake mbwa niliyemlea mwenyewe alinibwekea. Kovu langu la kuungua mafuta ya maandazi likafutika mkononi, na nilipomwogesha mtoto nikalikuta kwake. Halafu simu yangu ikakataa kidole gumba changu. Nikaosha kidole, nikakifuta kwenye kanga, ikakataa. Baba mdogo Gasper, anayeuza spea za pikipiki Bunda, alikuwa amekuja kumwona mtoto. Akachukua kidole cha mtoto, akakibandika. Simu ikafunguka.

"Simu haina upendeleo," alisema.

"Baba mdogo, sasa mimi ni nani?"

"Tulia, mwanangu. Pikipiki yangu nimebadilisha tairi, tanki, injini, mwaka jana fremu. Watu wakiniuliza nawaambiaga ni ileile, na wanakubali, maana namba ni ileile. Kwa hiyo pikipiki ni namba yake. Na mtu ni jina lake."

"Na ile injini ya kwanza iko wapi?"

Alikunywa chai kwanza. "Niliuza chuma chakavu."

Ubatizo ulipangwa Jumapili. Jina la dini lilikuwa Lukresia, na la nyumbani, Wankyo, lingefuata hapohapo. "Padri akishalisema juu ya maji," shangazi alinipa moyo, "halirudi tena. Lakini usijali, na wewe utatafutiwa."

Wenzangu wakienda shamba nilibaki na mtoto, nikimtajia taratibu. Majirani wa zamani, watu wa Suguti, wauza nguo wa Musoma. Majina ya watu yakaniishia, nikataja samaki, sato, sangara na furu. Alilia kwa yote. Nikisema langu, kimya, na macho yake yananikalia usoni.

Dafroza alinikuta hivyo. "Wifi, nielewe. Tangu nijifungue sijalala, isipokuwa akiitwa Wankyo. Wewe jina hilo umelitumia miaka yote. Hujatosheka?"

Alikuwa amekonda kweli.

Jumapili nilisimama kanisani kama mama wa ubatizo, na mshumaa mkononi. Katekista aliuliza mara mbili kama mama wa ubatizo ameshafika. Nilikuwa mbele yake. Nilitazama sakafu, kivuli cha Dafroza kipo, cha mshumaa kipo.

"Mtoto huyu mnampa jina gani?" padri aliuliza.

Dafroza akavuta pumzi. Maisha yangu yote nimesubiri wengine wamalize ndipo niseme, na nyumbani wananisifuga kwa hilo.

"Lukresia," nilisema. "Basi. Hilo tu."

Padri akatikisa kichwa kukubali, akamwaga maji. Dafroza alibaki na mdomo wazi, na lile jina langu ndani yake.

Mtoto alipiga ukelele, njiwa wakatoka darini. Kabla hatujafika nje kovu likaanza kuniwasha mkononi. Simu sasa inanijua, na mbwa anakuja nikimwita.

Lukresia analia mpaka leo. Dafroza hasemi na mimi, na nikimwona anavyolala ameegemea ukuta, mtoto kifuani, najua nimemnyima nini. Ila nikipita mlangoni kwake, kilio kinakatika. Mtoto ananitazama bila kupepesa, kama mtu aliye kwenye foleni na anayejua zamu yake itafika.

Juzi nilimwuliza shangazi kama mambo yameisha.

"Kwa sasa," alisema, akichambua mchele. "Ila akikua kuna kipaimara. Pale mtoto huchagua jina mwenyewe."