Silinda ya Tatu

Shangazi alisimamisha pikapu mlangoni mwa gereji, akashuka bila kuizima.

"Sikiliza mwenyewe," akaniambia. "Tangu juzi inagonga kama mtu aliyefungiwa nje. Na nikisimama tu, taa ya oili inawaka."

Pikapu ile ilikuwa yetu tangu tukiishi kwenye nyumba yetu ya zamani, kabla baba hajampa dada yake. Mara ngapi nililala nyuma mle, kichwa juu ya tairi la akiba, mama akiimba kule mbele! Na ni kwenye injini ile baba alinifundisha ufundi. Alikuwa akinifumba macho kwa kiganja kinachonuka grisi, kisha ananiuliza, "Haya, inasema nini?" Nikikosea anacheka mpaka anakohoa.

Sasa masikio ya baba yamekwisha. Nyundo na injini za miaka yote zimeyamaliza. Bado huja gereji kila asubuhi, anakaa kwenye benchi na kutusoma midomo. Nilipomwonyesha pikapu, alitikisa kichwa.

"Mwanangu, unanitania?"

"Nakuhitaji, baba."

Alinitazama kidogo. Kisha akachukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, akagusisha ncha kwenye injini, mpini akauuma kwa meno ili mtetemo umfikie kichwani. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Akahama silinda moja hadi nyingine, macho ameyafumba. Shangazi alijiziba mdomo asicheke.

"Ya tatu," baba akasema, akijifuta mate. "Beringi imelika."

Nikachomoa waya wa plagi ya tatu: kugonga kukafifia. Nyingine nilipozichomoa, hakuna kilichobadilika.

Tulipofungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili ilimetameta kwa vumbi la chuma. Beringi ya tatu ilikuwa imelika mpaka shaba ikaonekana, na nyingine zilikuwa njiani kufikia hapo. Krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya beringi, niliipima, bado nzima. Lakini lile vumbi lilikuwa limezichubua gia za pampu ya oili.

Hapo shangazi akatoa boksi garini. Muuza vipuri alikuwa amemuuzia pampu kubwa kuliko ya mwanzo, akamwapia kwamba itapandisha presha ya oili.

Baba aliigeuzageuza, akaguna. "Ungeifunga hii na beringi zilezile, presha ingepanda, ungefurahi, huku injini inakufa kimyakimya. Oili inapotelea kwenye nafasi za beringi zilizolika. Tukiweka beringi mpya, pampu ya saizi ileile ya kiwandani inatosha. Hii itaichosha injini bure."

"Kaka, wewe tangu utoto hupendi kitu kipya."

"Na wewe tangu utoto unapenda vikubwa."

Wakacheka. Shangazi akaenda kuibadilisha.

Keshokutwa yake niliwasha. Sindano ya kipimo cha presha ikapanda, na hata injini ilipopata moto, sindano haikushuka. Baba aliweka kiganja juu ya injini, akanikazia macho.

"Mbona huwashi?"

"Imewaka, baba! Imetulia tu!" Nikamwonyesha feni inavyozunguka. Aliitazama muda mrefu, akitabasamu kama mtu aliyesifiwa mbele za watu.

"Panda tukaijaribu," shangazi akamwambia.

Walirudi baada ya saa nzima. Nilikuwa nimeshaanza kuchungulia barabarani.

"Mlikuwa wapi?"

"Tulipita kwenye ile nyumba yetu ya zamani," baba akasema, akishuka taratibu. "Wameipaka rangi ya kijani. Ila mlango wameuacha uleule."