Kibao cha Pili

Ndugu hawa wawili walishonea chumba kimoja: mdogo mtu akikata, dada mtu akishona. Dada mtu mkasi ulimshinda tangu ujana. Akikata yeye, mkono mmoja wa gauni unatoka mrefu, wa pili mfupi. Bila mdogo wake hana kazi, na hilo alilijua vizuri.

Sasa walitaka kibao cha mlangoni, tena cha Kiingereza, maana siku hizi mteja haingii mpaka aitwe kizungu. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Tuandike 'The Dress for Your Day'," alisema dada mtu. "Yaani ndilo gauni lenyewe, hakuna jingine!"

"Dada, acha majigambo. 'A Dress for Your Day' inatosha. Gauni mojawapo tu, basi."

"Biashara gani ya kuona haya? Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake!"

Mdogo mtu hakulegea. Ndiye aliyesoma zaidi, kwa hiyo dada mtu akanyoosha mikono. Ikawa 'A', naye mdogo mtu akaagiza kibao kwa simu yake.

Fundi wa vibao alikuja asubuhi na mkokoteni. Ana desturi yake huyu: kazi zote zilizoagizwa kwa namba moja ya simu huzipeleka safari moja, apumzishe miguu. Akatundika kibao, dada mtu akakichekea kwa furaha. Kisha fundi akafunua gunia.

"Na hiki kingine niwatundikie wapi?"

Kilikuwa kikubwa zaidi. THE DRESS FOR YOUR DAY. Chini yake picha ya mdogo mtu, peke yake, na jina la mtaa mwingine.

Dada mtu alipigwa na butwaa. Akasogea, akasoma tena, akaigusa ile picha. Mungu wangu! Akashika fremu ya mlango.

"Kumbe siku zote nabishana na mtu aliyekwisha kuondoka?"

"Dada, nilikuwa nakutafutia siku nzuri ya kukwambia."

"Siku nzuri ya kuniacha? Ipo hiyo?"

Fundi aliinamia kamba zake, akajifanya hayupo. Mdogo mtu akanyoosha mkono amshike dada yake. Dada mtu akaukwepa.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningekubebea cherehani mwenyewe mpaka huko."