Vioo vya Harusi ya Mtoto wa Zang

Mtaani kwetu hakuna mwanamke anayetunza siri kama mimi. Ukinipa jambo, limeingia kisimani na kisima kimefukiwa. Hili la Fengqin niliapishwa nisimwambie mtu, na mpaka leo sijamwambia mtu, isipokuwa dada yangu, na muuza kabichi, na mke wa fundi baiskeli, na sasa nyinyi.

Maji yalikatika tindikali ikiwa imeshapakwa.

Fengqin alikuwa amechuchumaa uani chini ya turubai, kitambaa kimemfunga pua na mdomo, glavu za mpira zimempanda hadi kwenye viwiko. Mbele yake kioo kililazwa juu ya matofali. Alikuwa amekipaka nta chote, akachora kwa sindano bata wawili wa ndoa, dume na jike, wanaelekeana katikati ya mayungiyungi, kisha akapitisha brashi ya tindikali pale sindano ilipokwangua nta. Tindikali haina adabu. Inakula kioo kiasi unachotaka, na usipoiondoa inaendelea kula, hadi unyoya wa bata unakuwa tundu. Akanyoosha mkono kwenye bomba. Bomba likakohoa, likatema kutu, likanyamaza.

"Wamekata tena!" alipiga kelele. "Dada! Kuna maji huko?"

Mimi nilikuwa jikoni kwake, nilikokuwa nalala tangu nyumba yangu ibomolewe. Ndoo ilikuwa tupu. Nikatoka mbio na birika.

"Chai hiyo, dada!"

"Ina majani, lakini chini ya majani ni maji."

Akainyakua akaimwaga. Haikutosha. Akakimbilia chupa ya maji moto ya mumewe, akaimwaga nayo. Kutoka chumbani Baotian akaita kwa ile sauti yake nyembamba kama uzi:

"Bata wanakunywa chai, na mimi je?"

Halafu kikohozi kikamchukua, tukasimama sote wawili tukingoja kimwachie.

Tulipokwangua nta, bata dume alikuwa mzima. Jike alikuwa na shimo mahali pa jicho.

"Bata chongo," nikasema. "Zang mwenyewe haoni vizuri watu wa mtaa huu. Watafanana."

Hakucheka. Alikaa juu ya tofali akavua glavu kidole kimoja kimoja.

Vioo vile havikutoka dukani. Vilikuwa vya madirisha yetu. Tingatinga likija kubomoa, watu huokoa sufuria, milango, picha za marehemu wao. Kioo cha dirisha hakuna anayekikumbuka. Fengqin alikuwa anakwenda na koleo na blanketi, anaving'oa kabla ukuta haujaanguka. Vilikuwa vioo vya zamani, vizito, vyenye ukijani kwa mbali, vilivyotengenezwa na kiwanda chetu kabla hakijafungwa. Kile cha bata kilikuwa cha dirisha la jiko langu. Maisha yake yote kilikuwa kinaangalia moshi wa vitunguu, sasa kinapelekwa kumwangalia bibi harusi akivua nguo. Kuna vioo vyenye bahati.

Kiwandani humo Fengqin alikuwa mchoraji, na Baotian alikuwa anachanganya mchanga. Kiwanda kilifungwa, mchanga ukabaki kifuani kwa Baotian. Daktari wa kiwanda alisema ni kifua kikuu, na kifua kikuu mtu hukitoa nyumbani kwake, si kazini. Basi hakulipwa kitu, akalala. Fengqin akaanza kuchora vioo vya kifusi uani, vya makabati na vya milango ya vihoteli, na ndivyo walivyokula.

Zang Shouye ndiye aliyekuwa mkuu wa ofisi ya kubomoa. Alikuja na mkewe, Meirong, miguu yao inakwepa matope.

"Shemeji," Zang alimwambia Fengqin, "mwanangu anaoa. Mama yake anataka vioo vya chumba cha bibi harusi. Vichorwe kwa mkono. Vya mashine kila mtu anavyo."

Meirong alikuwa na swali lake, wala hakushusha sauti. "Mume wako yu hai?"

"Yule pale, kalala."

"Na watoto?"

"Wa kiume yuko kusini, anajenga. Wa kike ameolewa."

"Basi umekamilika. Maana kuna yule wa karibu na daraja, mkono wake mzuri sana, lakini mumewe kafa. Mjane siwezi kumpa kazi ya kitanda cha mwanangu."

"Wangu anapumua," Fengqin akasema. "Tena kwa kelele."

Zang alicheka, akauliza anataka kiasi gani. Fengqin akasema hataki pesa, anataka nyumba ya chini.

Majengo mapya tuliyokuwa tunahamishiwa yalikuwa na ghorofa sita na hayana lifti. Nyumba za chini zilikuwa na kiwanja kidogo mbele. Ukikaa chini unaweza kumtoa mgonjwa juani kwa kiti. Unaweza kupaka tindikali nje, moshi wake ukaenda zake.

"Kule juu tindikali nitaipaka wapi, Mkuu? Kitandani? Na huyu nitampandisha na nini, kamba?"

Zang akajipiga kifua. "Ya chini ni yako. Nimeshasema."

Kuanzia siku hiyo alikuwa ameshasema. Fengqin alimfuata ofisini: nimeshasema, shemeji. Alimngoja mlangoni kwa vinyozi: si nimeshasema? Na umeme ukikatwa, hakuukata yeye. Na maji yakikatwa, ni watu wa maji.

"Lakini Mkuu, vioo ni vyako, na bila maji vinaungua."

"Ndiyo maana nawaambia mhame. Kule maji yapo."

"Kule wapi? Ufunguo sina."

"Nimeshasema, shemeji."

Sasa bata jike ana jicho bovu, na kioo kingine kizuri hakuna. Tulizunguka kifusi chote na blanketi. Tingatinga lilikuwa limeshapita, vipande vilivyobaki ungetengenezea hereni. Tuliporudi, Baotian alitusoma nyusoni.

"Hamjapata."

"Hatujapata, mzee."

Akainua kidevu kuelekea juu ya kitanda chake. "Na hiki cha dirishani kwangu?"

"Baridi yote hii?"

"Weka nailoni. Hiki mchanga wake nilichanganya mwenyewe, hakina hata povu moja. Tukihamia chini utaniwekea kingine."

"Usinichekeshe."

"Nani anacheka? Chukua koleo, mama, kabla sijabadili mawazo."

Fengqin alisimama kidogo, koleo mkononi. Akapanda kitandani kwa magoti, akapitisha miguu juu ya mumewe, akaanza kung'oa misumari. Mimi nikaenda kuiba maji kwenye tangi la wajenzi. Hiyo si siri, mtaa mzima ulikuwa unaiba.

Safari hii bata walitoka wazima wote wawili. Macho yao yalikuwa kama yanataka kusema kitu. Aliwachora unyoya kwa unyoya, hata maji waliyoogelea aliyatia mikunjo, na nilipompelekea chakula alikula huku ameshika sindano. Upepo ulikuwa unaipiga ile nailoni chumbani, pa, pa, pa, na Baotian anaukoholea.

Alfajiri Fengqin aliingia na uji wa mtama. Akatoka nao vilevile, bakuli limejaa, akauweka juu ya jiko la makaa kama mtu anayeuhifadhi usipoe.

Nikaelewa. Nikafungua mdomo nilie, kama inavyopasa. Akanifunga mdomo kwa kiganja. Kilinuka nta.

"Usilie, dada. Nakuomba. Leo wanakuja kuchukua vioo na kuleta ufunguo."

"Fengqin, huyu ni mume wako."

"Najua ni nani. Nyumba ni kwa jina lake. Wakisikia amekufa, mimi ni mtu mmoja, watanipa kachumba juu kabisa. Na yule mama hatachukua vioo vya mjane. Nitakuwa sina mume, sina kazi, sina pa kufanyia kazi. Wakishaondoka tutalia. Nitalia mimi, utalia wewe, tutawaita na majirani waliobaki."

"Ni dhambi."

"Atanisamehe. Hakuwahi kuwa mtu wa haraka."

Basi hatukubandika karatasi nyeupe ya msiba mlangoni. Tulimfuta uso, tukamfunika hadi kidevuni, tukamgeuza kuelekea ukutani kama mtu aliyechoka na wageni. Mimi nilikaa jikoni nikimeza kilio changu, nacho kilikuwa kinarudi juu kama kwikwi. Fengqin hakukaa. Mikono yake ilikuwa inakwenda yenyewe: ikafagia, ikachochea makaa, ikapanga vioo mezani, ikafunika hiki, ikakunja kile, ikatia maji yaliyobaki kwenye kibakuli na kumchana marehemu nywele.

Walikuja mchana na kigari cha mizigo. Meirong alivaa koti jekundu, jipya. Akainamia meza.

"Maskini mimi! Ona macho yao, Shouye! Huyu jike anaona haya!" Akamshika Fengqin mkono. "Shangazi, una mkono wa baraka. Mumeo hajambo?"

"Amelala."

"Aendelee kulala. Asubiri peremende za harusi."

Zang akatoa ufunguo, akauweka mezani karibu na bata. Ulikuwa na kibati. Fengqin akausoma, akaugeuza, akausoma tena upande ambao haukuandikwa kitu.

"Mkuu. Hii ni ghorofa ya sita."

"Ndiyo."

"Ulisema ya chini."

"Nilisema, na ilikuwepo. Mwenyewe ndiye aliyebadilisha."

"Mwenyewe nani?"

"Mumeo, shemeji. Hakukuambia?" Zang alitabasamu kama anayefichua jambo la kufurahisha. "Nilipita hapa leo asubuhi, jua limeshapanda. Wewe hukuwepo, labda ulifuata maji. Nikakaa naye palepale kitandani. Tukavuta sigara. Akaniambia, Zang, chini kuna unyevunyevu, nipeleke juu, hewa ya juu inafaa kifua changu. Tukapeana mikono. Nyumba ni kwa jina lake, mimi ningefanya nini?"

Mimi niliangalia viatu vyangu. Vilikuwa viatu vya kawaida sana, lakini niliviangalia.

"Alivuta sigara," Fengqin akasema.

"Mbili. Nikamwambia, kaka, punguza."

"Yeye ambaye hata pumzi havuti."

"Mwanamume ana siri zake, shemeji."

Neno lilikuwa limemfika Fengqin kwenye meno. Angelitoa, Zang angekuwa mwongo mbele ya mkewe. Na yeye hapohapo angekuwa mjane, na vioo visingebebwa, na hata hiyo ya sita ingemponyoka. Midomo yake ilifunguka. Ikafungwa.

"Basi akiamka nitamwuliza," akasema.

"Mwulize, mwulize."

"Na ile ya chini amepewa nani?"

"Mambo ya ofisi hayo."

"Ofisi au mwanao?"

"Aa, shemeji! Siku ya furaha hii!"

Meirong hakuwa anasikiliza. Kuinama kule kulimtoa kibanio cha nywele, akageukia ukutani kujitazama. Pale penye kioo cha kujitazama palikuwa na shuka. Ilikuwa imechomekwa vizuri pande zote, na kingo zake zimekunjwa.

Akabaki na mkono kichwani.

"Mbona mmefunika kioo?"

Fengqin aligeuka akaitazama ile shuka kama vile imewekwa na mtu mwingine. Kisha akaitazama mikono yake.

"Vumbi," akasema. "La kubomolewa."

"Na hivi vya mezani havishiki vumbi?"

Meirong, kwa koti lake na pete zake zote, alikuwa amelelewa na bibi yake kijijini. Alijua ni nyumba gani hufunika kioo cha ukutani, ile yenye msiba. Akasogeza pazia la chumbani akaingia. Tulisikia nailoni, pa, pa. Tulisikia anamwita, "Mjomba? Mjomba?"

Alipotoka alikuwa anapangusa kiganja kwenye koti. Akaona anachokifanya, akauweka ule mkono mbali na mwili kama umelowa.

"Kafa," akasema. "Kakauka. Nimeosha maiti wa kwetu, nawajua. Huyu ni wa alfajiri."

Zang alikuwa mwepesi, lazima tumpe haki yake. "Unaona watu hawa?" akafoka. "Unaona, mama? Wanataka kumtia mwanetu vioo vya mjane! Mbele ya macho yetu! Wewe mwanamke huna haya? Unakaa na maiti ndani, unatuambia kalala?"

"Shouye," Meirong akasema.

"Nitahakikisha hata hiyo ya sita..."

"Shouye. Leo asubuhi, jua limeshapanda. Sigara mbili." Alikuwa anaongea polepole, huku mkono wake bado umening'inia mbali na koti. "Ulivuta na nani?"

Zang akaangalia pazia. Akaniangalia mimi, kana kwamba ningeweza kusema ni mimi. Nje dereva wa kigari alipiga honi. Zang alinyoosha kidole kimoja, akausukuma ule ufunguo mezani, taratibu, hadi ukagusa kiwiko cha Fengqin.