Picha za Kushoto

Baba yangu alifundisha jiometri miaka thelathini na moja, na mchezo wetu wa nyumbani aliutengeneza kwa maboksi ya chaki. Aliyakata vipande sawasawa, akachora juu ya kila kipande kwa wino mweusi: pembetatu, duara, mistari iliyojikunja, nukta zilizotawanyika. Kisha alipanga kadi sita kushoto na sita kulia, akanyamaza. Kadi za kushoto zilikuwa na jambo moja ambalo za kulia hazikuwa nalo, na kazi yetu, mimi na kaka, ilikuwa kuligundua. Pengine kila umbo la kushoto lilikuwa na tundu. Pengine maumbo ya kushoto yaligusana, ya kulia yakakaa mbalimbali.

Kanuni yenyewe haikutamkwa. Ukidhani umeipata, ulichukua kadi mpya ukaiweka upande unaoamini ni wake. Ukipatia, Baba aligonga meza kwa kidole mara moja. Ukikosea, aliisukuma kadi hadi upande wa pili, bila neno. Kaka alikuwa mwepesi. Mimi nilikuwa mtu wa kuhesabu pembe mpaka chai inapoa. "Usitazame ni kitu gani," Baba alikuwa akiniambia. "Tazama kimekaaje."

Sasa ana miaka sabini na minne, na kumbukumbu zinamtoka kidogo kidogo. Tunaishi wawili tangu mwaka aliofariki Mama, miaka minane iliyopita, katika nyumba niliyopanga karibu na duka la dawa ninalofanyia kazi. Kaka alibaki na mkewe katika nyumba yetu ya zamani, kwenye mji tuliokulia. Mwezi uliopita Baba alifungua gesi akasahau kuwasha kiberiti, na jirani ndiye aliyesikia harufu. Kaka alipopata habari alinipigia simu. Alisema angekuja Jumamosi kumchukua.

Nilimsihi asifanye hivyo. Nilimwambia Baba amenizoea, ameizoea nyumba hii, ukimng'oa hapa atapotea moja kwa moja. Kaka alinisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ni mpole kuliko ninavyopenda kukiri.

"Kadogo," akasema, "nionyeshe kwamba bado akili inafanya kazi, hata kidogo. Ukinionyesha, simgusi."

Jumatatu nilipotoka kazini nilizitoa kadi za zamani nikaziweka mbele ya Baba. Alizishika, akazinusa, akazipanga zote katika mstari mmoja kama mtu anayepanga viatu mlangoni. Jumanne ikawa vilevile. Niliingia jikoni nikafungua bomba ili asinisikie.

Jumatano nilikuwa natafuta kitambulisho chake katika kopo la picha, nikaliacha wazi mezani nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi, picha zilikuwa mbele yake, sita kushoto, sita kulia, naye amekaa kimya, mikono juu ya magoti. Nilijua kukaa kule. Ni vile alivyokuwa akikaa akitusubiri.

Nilizichanganya picha. Akazipanga tena, kila moja pale ilipokuwa. Nikazichanganya mara ya pili, akazirudisha tena. Nilitaka kumpigia Kaka saa ileile, lakini kwanza nilitaka kuipata kanuni. Ningekwenda kwa Kaka na fumbo ambalo sijalifumbua, angenicheka mpaka uzeeni.

Nikatazama picha zimekaaje, kama nilivyofundishwa. Nilihesabu vichwa. Nilitazama vivuli vimelalia wapi, nani amevaa kofia, nani amesimama pembeni. Niliweka kushoto picha ya babu juu ya baiskeli, Baba akagonga meza, nikaamini kanuni ni magurudumu. Nikaweka picha ya mtoto wa Kaka na kigari chake, akaisukuma kulia. Alhamisi nzima niliwaza matundu na pembe nikiwa kazini, hadi mteja mmoja akaniuliza kama dawa yake naifunga au naisomea dua.

Ijumaa alasiri nilichukua picha yangu ya mahafali ya chuo. Nimevaa joho, Baba yuko kando yangu na tai aliyoifunga mwenyewe. Niliiweka kushoto bila wasiwasi. Baba aliitazama, akaisukuma kulia, taratibu, kama anayemsogezea mgeni kiti.

Nikachukua nyingine, niko na miaka mitano, meno ya mbele hakuna. Nikaiweka kushoto. Akagonga meza.

Hapo ndipo nilipotazama ni nani. Kushoto: Mama na cherehani yake. Mama kwenye kibaraza cha nyumba ya zamani. Kaka na kaptula ya shule. Kulia: mimi na koti jeupe la kazini, watoto wa Kaka, geti la nyumba hii tunayokaa. Kila cha kulia kilitokea baada ya Mama kufa. Sikuwa na haja ya kujaribu zaidi, lakini nilijaribu. Niliweka kushoto picha ya kibaraza kilekile enzi za Mama, kikiwa kitupu, bila mtu. Aligonga meza, kisha akakiacha kidole chake juu ya picha muda mrefu.

Kaka alifika Jumamosi asubuhi. Aliniuliza kama nimekonda au ndiyo tunashindia vidonge vya dukani, nikashindwa hata kutabasamu. Nikamwonyesha meza. Hakuchukua dakika mbili. Alitoa katika pochi picha yake ndogo ya kitambulisho, ya mwaka huu, akaiweka kulia. Baba akagonga meza.

Kaka aliketi. Alisema, bila kunitazama, kwamba nilisema kweli, akili ipo, na ahadi ni ahadi.

"Nyumba ya zamani iko kushoto, Kaka," nikamwambia.

Alininyooshea mkono juu ya meza nami nikaushika. Kisha niliingia chumbani nikatoa sanduku, nikakunja mashati ya Baba, nikaweka dawa zake katika mfuko na kuandika saa za kila moja kwa herufi kubwa, kama ninavyowaandikia wateja wazee.

Baba alivalishwa bila ubishi. Nilipokuwa namfunga vifungo, alinisifu kwamba nina mikono mizuri ya kazi, akauliza kama wazazi wangu wako hai.

"Mama alifariki," nikamwambia. "Baba ninaye."

"Msalimie sana," akasema. "Mwambie amelea."

Nikafunga kifungo cha mwisho, cha kwenye kola, nikamwambia salamu zitafika.