Sekunde Arobaini za Pelagia

Mama Keraryo, jirani yetu, anasema dada yangu Pelagia siku ile aliamka akiwa tayari ameharibika. Anasema alimwona kwa macho yake hapa mwaloni Bukima, ufukweni tunapoanika dagaa, saa sita ya jua kali, anakimbia na shimizi tu, kanga kaitupa, anaita watu waliokufa maji. "Na mimi sisemagi kitu ambacho sijaona," anamalizia hivyo kila mara, kisha anapiga ishara ya msalaba.

Habari ya wingu haitaji.

Mimi nilikuwepo, nafua kule kwenye mawe. Dagaa zilikuwa zimeanikwa ufukwe mzima, zetu na za wenzetu waliokuwa wamekwenda kupumzika kivulini. Wingu jeusi likatoka ziwani ghafla. Anayeanika dagaa anajua: zikinyeshewa mara moja, hizo ni za kuku. Pelagia akavua kanga ya kiunoni, akafunikia zilizokuwa karibu naye, akaanza kukimbia huku na huku akiwaita wenye dagaa kwa majina yao. Mvua haikunyesha. Upepo ulilisukuma wingu lote likaishia upande wa Mugango.

Jioni ile ile video ilikuwa imemfikia shemeji Renatus, mume wa dada. Sekunde arobaini. Wingu halimo, na upepo umekula majina, unasikia kelele tu. Chini mtu ameandika: "Kichaa wa Bukima karudi tena."

Hiyo "tena" ndiyo iliyotumaliza. Miaka minne nyuma, baada ya kumzaa Anastazia, dada alichanganyikiwa wiki tatu. Akapewa dawa, akapona, akarudi kuanika dagaa. Sisi tulisahau. Kumbe watu walikuwa wanangoja.

Renatus akamchukua mtoto akampeleka Butiama kwa mama yake, na yeye akabaki huko huko. Yule bibi alituambia kwenye simu: "Mimi na mkwe wangu hatuna ugomvi. Lakini video nimeiona. Mpaka awe sawa, mjukuu wangu hatoki hapa."

Mwanzoni Pelagia aliicheka ile video. Wiki ya pili akaanza kuniomba simu. Anaiangalia, anairudisha mwanzo, anaiangalia.

"Adventina, hapa namwita nani?"

"Unamwita Mama Dotto, dagaa zake zilikuwa karibu na mtumbwi."

"Una uhakika? Mbona mimi sisikii?"

Mwezi ulipoisha alikuwa haendi tena mwaloni. Kanga alianza kuifunga kwa mafundo mawili, baadaye matatu, siku hizi anaongeza na pini. Usiku anashika lile fundo mpaka asubuhi.

Nikampeleka Musoma mjini, kwa daktari wa akili. Daktari Enos ni mtu mzima, anaongea polepole. Aliomba aione hiyo video. Akaiangalia mara moja, akauliza, "Inaanzia wapi?"

Nikasema sijui, tumeipata hivyo hivyo.

"Kabla ya hapa kulikuwa na nini?"

Nikamweleza habari ya wingu. Pelagia alikuwa ananisikiliza kama mgeni anayesimuliwa habari za mtu mwingine.

"Daktari," akasema, "mimi nina wazimu au sina?"

"Wewe mwenyewe unaonaje?"

"Nilikuwaga naona sina. Lakini watu wote hawa wakosee, niwe sahihi mimi peke yangu?"

Daktari akanigeukia. "Binti, akili ya mtu haikai kichwani mwake peke yake. Kipande kiko kwa mama yake, kipande kwa jirani, kipande kanisani. Siku hizi kipande kikubwa kiko kwenye simu za watu asiowajua. Wote wakimwambia yeye ni kitu fulani, kuna siku ataitika. Mimi dawa yangu inafika kichwani tu. Bukima haifiki."

Nikamwomba atuandikie barua tupeleke Butiama.

"Nitaandika. Ila aliyeaminishwa na simu, karatasi ya hospitali haimtoi. Tafuteni mwanzo wa hiyo video."

Nyumbani nikaanza kuiangalia, lakini dada sikumtazama. Nilitazama pembeni. Mara ya tano nikaona, chini kushoto, ukingo wa beseni jekundu lenye ufa ulioshonwa kwa waya. Mwalo mzima beseni hilo ni moja.

Asubuhi nikamkuta Mama Keraryo anageuza dagaa.

"Karibu, mdogo wake staa!" akacheka. "Staa wetu ameamkaje?"

Nikainama nikageuza naye, mstari wa kwanza, wa pili. Ndipo nikasema, "Mama, ile video ni ya kwako."

"Nani kakudanganya?"

"Beseni lako limo."

Akalitazama beseni kama vile ndilo lililomsaliti. "Watu walicheka tu, mwanangu. Hata yeye alicheka. Nilituma kwa mtu mmoja, nitajuaje itafika Butiama?"

"Ilikuwa ndefu?"

"Ndefu. Mtandao wetu huu ungeibeba? Nikaikata."

"Ulikata mwanzo. Mwanzoni anakuita wewe. Nilimsikia nikiwa kule kwenye mawe: Mama Keraryo, njoo, dagaa zako! Na ile kanga alifunika za kwako, si zetu."

Hakucheka tena. Akachukua simu kifuani, akafuta magamba kwenye kidole gumba, akaiwasha. Nikaona kwamba ile ndefu ipo, hajaifuta.

"Jumamosi tunakwenda Butiama kumfuata mtoto," nikasema. "Nitumie yote, mama. Sitasema imetoka kwako. Dada mwenyewe aione, ndilo ninaloomba. Ameanza kuitikia hilo jina la kichaa."

Mama Keraryo aliangalia simu mpaka mwanga wake ukazima. Akairudisha kifuani, akainama, akaendelea kugeuza dagaa.