Nyuzi Hamsini na Nane

Saa tisa nilitakiwa kusimama mbele ya watu kumi na wawili, kambini kwetu katika jangwa la Atacama, niwaambie uga sumaku umegeuka. Saa nane nilikuwa bado nazunguka chumba cha kuendeshea madishi ya kunasia mawimbi ya angani.

"Hebu keti, bibie, unanitia kizunguzungu," alisema Anselmo, mwendesha madishi, mdomo umejaa mkate na parachichi.

"Niache. Miaka minne naisubiri siku hii."

Miaka minne kweli. Katikati ya galaksi ninayoichunguza kuna shimo jeusi linalorusha mchirizi mrefu ajabu, na mawimbi ya redio ya mchirizi huo hutetema kwa mlalo mmoja. Mlalo ukigeuka, uga sumaku umegeuka. Juzi niliukuta umegeuka nyuzi hamsini na nane. Nililia. Nikampigia baba, naye baba hana siri, akautangazia mji mzima wa Calama.

"Ile galaksi ya kupimia, umetumia mlalo gani?" Anselmo aliuliza.

"Wa kwenye jedwali letu sote. Wa Septemba."

Akaacha kutafuna. "Mama wee! Mimi nimeipima leo asubuhi. Njoo uone."

Nikaona. Nayo ilikuwa imegeuka hamsini na nane, kwa kinyume. Galaksi tunayoifanya rula ya kupimia milalo mingine nayo ina mchirizi wake, na haukai tuli. Hilo tunafundishwa mwaka wa kwanza. Lakini kuipima upya kunakula saa tatu za madishi, nami nilizitaka zote kwa mchirizi wangu. Ulafi tu.

"Hakuna anayejua, Yasna," alinong'ona. "Ni mimi na wewe."

Nilimchukia kwa kunionyesha. Kisha nikamchukia zaidi kwa kuwa tayari kuninyamazia.

Saa tisa mkuu wetu, Daktari Barraza, akaniita mbele. Alikuwa na furaha tangu wiki iliyopita, alipotuma makala yake ikachapwe.

"Haya binti, tupe habari njema."

"Mchirizi wangu haujageuka, Daktari. Rula ndiyo iliyogeuka. Nilitumia namba ya Septemba bila kuipima upya."

Nikangoja kukaripiwa.

"Nani mwingine katumia namba hiyo?" akauliza taratibu.

Barraza akawatazama mmoja mmoja, kisha akainua mkono wake mwenyewe. Baada yake ikapanda mingine mitano.